Tarakimu Ishirini za Bibi

Kwenye simu yangu kuna meseji 114 za LUKU ambazo sijazifuta. Chache ni za umeme wangu mwenyewe, Tabata, Dar es Salaam, ninakopanga chumba na sebule. Zilizobaki ni za mita iliyofungwa kwenye ukuta wa nyumba ya bibi yangu, milimani Usambara, upande wa Magamba, mwendo wa kama dakika 40 kwa miguu kutoka unaposhukia Hiace. Umeme ukimwishia, anabipu. Mimi nalipa kwa simu, meseji inarudi na tarakimu 20, nampigia, namsomea, naye anazipeleka kwenye mita. Tumekuwa tukifanya hivyo tangu 2018.

Nilisoma fasihi chuo kikuu miaka mitatu. Nilifundishwa kuihoji matini: nani anasema, anamwambia nani, kwa lugha ipi, na nini amekinyamazia. Maswali hayo nimeyatumia kwa riwaya ambazo nyingine sikuzimaliza na kwa mashairi ambayo nimeshayasahau. Sijawahi kuyatumia kwa matini niliyoisoma mara nyingi kuliko zote, tena kwa sauti kubwa kuliko zote. Kwa hiyo huu ni uhakiki wa risiti ya umeme. Walimu wangu wanisamehe.

Nianze na jina. LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Unavyotumia. Kwa sikio ni jina zuri, fupi, linatamkika kwa Msambaa na kwa Mmakonde vilevile, na limekubalika mpaka watu wanasema "LUKU imeisha" bila kukumbuka kwamba ni sentensi. Lakini lisome polepole. "Kadri unavyotumia" maana yake malipo yanatembea bega kwa bega na matumizi. Ukweli ni kwamba unalipa kwanza, unatumia baadaye. Aliyelitunga alikuwa na sikio zuri na hesabu ya kona kona. Waganda mfumo wao waliuita Yaka, yaani waka, na neno hilo angalau linakwambia kitakachotokea. Zanzibar wana Tukuza, ambalo ukilisikia bila kuambiwa unaweza kudhani ni kwaya. Kenya wananunua tokeni, wamemaliza. Sisi peke yetu tulipewa sentensi kamili yenye ahadi ndani yake, na ahadi yenyewe imepinduliwa.

Katikati ya miaka ya 1990, LUKU ilipoanza, mimi sikuwepo. Baba yangu alikuwepo, alikuwa akifanya kazi Tanga mjini, na anaikumbuka ankara. Msoma mita alikuja na daftari, mwisho wa mwezi karatasi ikaja, usipolipa akaja mtu mwenye ngazi. Baba anasema huyo mwenye ngazi ungeweza kumkaribisha chai. Ungeweza kumwambia una mgonjwa ndani. Pengine angekata tu, lakini kabla ya kukata angekuwa amekusikia. Chini ya ankara, shirika lilikuwa linakukopesha umeme mwezi mzima. Chini ya LUKU, wewe ndiye unayelikopesha shirika fedha, na siku fedha zikiisha hakuna anayekuja. Taa inazimika saa mbili usiku watoto wakiwa na madaftari mezani, na aliyekata hayupo. Umejikatia mwenyewe.

Nisieleweke vibaya. Baba huyohuyo anasema ankara zilikuwa za kubuni, na msoma mita mwingine alikuwa haji kabisa, anakisia tu. Watu waliipokea LUKU kwa furaha kwa sababu ilikuwa haibishani. Hapo ndipo penye utamu na uchungu wake. Teknolojia ya tarakimu 20 ilitoka Afrika Kusini, na Antina von Schnitzler, katika kitabu chake Democracy's Infrastructure cha 2016, anaonyesha jinsi mita za kulipia kabla zilivyoenea huko baada ya wakazi wa maeneo kama Soweto kugoma kulipa kodi za nyumba na huduma enzi za mwisho za ubaguzi wa rangi. Mgomo unahitaji mtu wa kugomewa. Mita haigomewi. Ndiyo maana napata shida kila ninapoisoma LUKU kama kifaa tu kilichokuja kurahisisha maisha, wakati kule kilikotoka kiliwekwa palepale ambapo watu walikuwa wanabishana.

Sasa tuifungue risiti yenyewe. Hii hapa ya bibi: shilingi 5,000. Umeme wenyewe ni 4,098.36. Ongezeko la thamani asilimia 18, yaani 737.70. EWURA asilimia 1, 40.98. REA asilimia 3, 122.95. Uniti 41. Bibi yuko kwenye daraja la D1, la watumiaji wadogo, ambako uniti moja ni shilingi 100 kabla ya makato, mradi usivuke uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, ile ya 76 inakuwa 350. Bibi ana taa tatu, redio na simu ya kuchaji. Hajawahi kufika hata uniti 20 kwa mwezi, lakini ile 75 anaiogopa kama watu wanavyoogopa korongo lililo mbali na njia yao. Mtu fulani alimwambia, naye akashika.

Na hii ni yangu, ya Tabata: shilingi 10,000. Kabla ya kitu chochote imetoka 1,500, kodi ya jengo. Inabaki 8,500, humo umeme ni 6,967.21, makato yanafuata kama ya bibi, na kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti napata uniti 23.9. Weka risiti mbili ubavuni. Bibi kwa nusu ya fedha zangu amepata karibu mara mbili ya umeme wangu. Hilo sina ugomvi nalo, ni haki, na ningependa lisemwe wazi badala ya kuachiwa desimali. Ugomvi wangu ni ile 1,500.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU tarehe 20 Agosti 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida yenye mita, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kwa sheria kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kwa risiti ni ya mwenye kidole, yaani yule anayenunua umeme kwanza mwezi ukianza. Jengo ninaloishi si langu, nina makubaliano ya mdomo na mwenye nyumba kwamba "tutaangaliana", na mpaka leo hatujaangaliana.

Shangazi yangu ana nyumba Lushoto mjini, si mbali na stendi, amepangisha vyumba vinne, mita ni moja. Wapangaji wanachanga. Ukutani kwenye korido kuna daftari limening'inizwa kwa uzi: nani kanunua, siku gani, shilingi ngapi. Nilikaa kwake wiki moja mwezi wa saba, baridi ile ya Lushoto ya kuvaa soksi mbili, nikalisoma lile daftari kama wengine wanavyosoma shajara za wakubwa. Mwezi ulipoanza, tarehe 1, hakuna aliyeandika. Tarehe 2, hakuna. Umeme ulikuwa umeisha tangu usiku wa tarehe 1. Kila mpangaji alikuwa chumbani kwake na tochi ya simu, anasubiri mwingine anunue. Maana kila mmoja alishajua hesabu: ukinunua wa 2,000 ukiwa wa kwanza, 1,500 inaondoka, na kwenye 500 iliyobaki unapata uniti 1.4. Atakayenunua 2,000 baada yako anapata 5.6. Watu wazima wenye kazi zao walikaa gizani siku mbili, si kwa kukosa fedha, ila kwa kukataa kuwa wa kwanza. Shangazi hakuwa na habari. Nilipomwambia alicheka, halafu akanyamaza, halafu akanunua wa 5,000 mwenyewe. Sijui kama mwezi uliofuata alikumbuka.

Mtu aliyepanga makato hayo mezani aliona mita moja, nyumba moja, mwenye nyumba mmoja. Lile daftari la uzi hakuliona. Huku Usambara tuna historia na mipango ya namna hiyo. Miaka ya 1940 na 1950 Waingereza walileta mpango wa kuokoa udongo, watu wakalazimishwa kulima kwa matuta kwenye miteremko, na hesabu za wataalamu zilikuwa safi kabisa kwenye karatasi. Steven Feierman, katika Peasant Intellectuals (1990), anaeleza jinsi Wasambaa walivyoupinga, na jinsi walivyokuwa wakiujadili utawala mzima kwa maneno yao mawili: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Sidai kwamba shilingi 1,500 inaiharibu nchi. Ninachotaka kukopa pale ni swali la wazee wale, ambao hawakuuliza kama hesabu ni sahihi. Waliuliza nani anashiba na nani analala njaa hesabu hiyo ikitimia.

Mstari wa REA ndio pekee kwenye risiti ninaoupenda. Asilimia 3 inakwenda kwenye Mfuko wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya 2005, na ndio uliofikisha nguzo kwa bibi. Aliunganishwa kwa shilingi 27,000. Hakuwa na fedha za kusuka nyaya nyumba nzima, akafungiwa kifaa kile cha UMETA, Umeme Tayari, kisanduku chenye swichi na soketi. Kwa hiyo kila mtu anayenunua umeme Masaki au Mbezi amechangia nguzo ile bila kujua, na bibi naye, kwa shilingi zake 122.95, anachangia ya mtu wa ng'ambo ya bonde ambaye nguzo imefika lakini waya bado. Jirani huyo ana sola ya mkopo, ya kulipia kwa simu kidogo kidogo, inayofunguliwa kwa namba na kujifunga siku za malipo zikipita. Jua liko juu ya bati, betri imejaa, taa inakataa. Bibi huwa anamcheka kwamba ana umeme mwenye kiburi.

Na kabla sijasahau: maji. Luengera na Mkomazi zinashuka kutoka milima hii kuingia mto Pangani, na kwenye mto huo kuna mitambo ya Hale, ya tangu 1964, megawati 21, na New Pangani Falls ya 1995, megawati 68. Maji ya Usambara yalikuwa yanawasha taa za watu tangu kabla baba hajaanza shule. Nguzo ilipanda kwa bibi 2018. Kwenye risiti hakuna mstari wa hilo.

Sasa nije kwenye zile tarakimu, maana hapo uhakiki wangu unaingia nyumbani.

Mita ya bibi haina mtandao. Haijui kama nimelipa. Inachojua ni ufunguo wake wa siri, na tarakimu 20 ni barua iliyofungwa kwa ufunguo huo: ndani yake kuna kiasi cha umeme na muda ilipotengenezwa, basi. Ndiyo maana tokeni ya bibi haifanyi kazi kwa jirani, na ukiiingiza mara ya pili inakataliwa. Kwa hiyo barua lazima ibebwe na mtu. Mjini mtu huyo ni wewe mwenyewe, simu mkono huu, mita mkono ule. Kwa bibi si rahisi, kwa sababu ndani ya nyumba simu haishiki. Inashika juu ya jiwe moja nyuma ya migomba, hatua kama sitini kutoka mlangoni. Anasimama pale, mimi nasoma, yeye anaitikia, anaandika kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, anashuka nacho.

Bibi alijifunza kusoma namba ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo yaliyoenea baada ya Mwalimu kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Anaijua kila tarakimu lakini hapendi kuharakishwa. Namsomea nne nne. "Moja, nane, sifuri, sita." Anarudia. "Endelea, mke mwenzangu." Ananiita hivyo kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wa kike, ingawa mume tunayegombea amekufa tangu 2009. Kati ya kundi la tatu na la nne huwa anapumzika, na hapo ndipo habari zinapoingia. Viazi vimepata ugonjwa. Gari la kabichi limekwama Soni. Fulani kaoa. Halafu: "Haya, nimalizie." Mtu angeturekodi angedhani ni ngonjera.

Nilipokwenda Krismasi ya 2022 nikakuta jambo ambalo sikulijua. Vile vipande vya boksi havitupi. Akishaingiza namba, anazihamishia kwenye ukuta wa jikoni, kwa mkaa, safu chini ya safu, kutoka kimo cha kichwa chake mpaka karibu na mafiga. Jiko ni kibanda cha nje, cha udongo, hakina umeme. Nikamwambia hazina kazi tena zikishatumika. Akaniambia huwezi kujua. Nikatoa simu, nikaanza kulinganisha ukuta na meseji zangu, safu kwa safu. Zililingana, isipokuwa pale moshi ulipokula.

Kuna kitabu ninachokipenda kuhusu umeme wetu, The City Electric cha Michael Degani, cha 2022. Ni cha Dar es Salaam, cha nguzo, mafundi na vishoka, wale watu wa katikati wanaojua nani wa kumwona na waya upi wa kugusa. Ni kitabu cha mtu aliyekaa na watu. Ila kinaishia mjini, na ukisoma kutoka mlimani unaona pengo: huku mtu wa katikati si fundi, ni mjukuu. Kishoka wa bibi ni mimi. Nina simu janja, nina salio, najua *150*00#, na kati ya shirika na mwanamke mwenye mita yake kihalali nimesimama mimi, bila mkataba na bila mafunzo. Mwaka 2020 niliwahi kukosea tarakimu moja ya namba ya mita. Jina lilitokea kwenye kioo kabla sijathibitisha, sikulisoma, nikabonyeza. Kosa langu kabisa. Nyumba fulani nisiyoijua iliwaka kwa 5,000 zangu, na bibi akalala giza siku mbili mpaka nilipopata nyingine.

Oktoba 2024 kazi yetu iliongezeka. Mita hizi zilikuwa zinahesabu dakika tangu Januari 1993, kwenye nafasi ya kumbukumbu inayotosha dakika milioni 16 na ushei, na nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima. Mita isiyoboreshwa ingekataa umeme mpya. Kwa hiyo ukinunua ulikuwa unapata makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuiweka mita sawa, la tatu ndilo umeme. Tarakimu 60. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Bibi yuko juu ya jiwe na mwavuli, mkaa unafutika kwenye boksi lililoloa, simu inakatika kila baada ya kundi moja. Ilituchukua saa moja na nusu, na katikati aliniuliza ni nani huyo aliyehesabu dakika tangu 1993, na alikuwa anazihesabu za nini. Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia ni saa, bibi, ilikuwa imejaa. Akasema, "Saa inajaa?"

Nimechelewa kufika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwisho wa Mei 2023 nilimnunulia wa 5,000, uniti 41. Juni hakubipu. Julai hakubipu. Nilifurahi. Kazini niliwaambia wenzangu kwamba bibi yangu anajua kubana matumizi kuliko mhasibu wetu, tukacheka. Nilizisoma uniti zile kama ninavyosoma risiti, na risiti ilisema mambo ni mazuri: umeme upo, mteja ametulia. Sikupiga, kwa sababu hakukuwa na tarakimu za kusoma. Naandika sentensi hiyo kwa shida. Hakukuwa na tarakimu za kusoma, basi sikupiga.

Agosti mama mdogo ndiye aliyeniambia. Bibi alikuwa ameteleza kwenye njia ya kisimani, wiki ya pili ya Juni, nyonga ikaumia. Alikataza watu wasiwaambie "wa Dar" maana tungeanza fujo. Jirani alikuwa anakuja kulala naye, na walilala jikoni, kwa sababu baridi ilikuwa kali na jikoni kuna moto. Jikoni, nimeshasema, hakuna umeme. Wiki saba taa za nyumba kubwa hazikuwashwa. Uniti zilibaki kwa sababu bibi alikuwa amelala chini kando ya mafiga, pembeni ya ukuta ulioandikwa namba zangu, na jiweni hakuweza kufika.

Sasa amepona, anatembea na fimbo. Hana kinyongo, wala hajui kwamba mimi ninacho, cha kujilaumu. Na ningeweza kuishia kwenye kosa langu, lakini mhakiki hatakiwi kuiachia matini iende bure. Matini ile imeandikwa kwa namna ambayo kutotumia kunaonekana kama utulivu. Enzi za ankara, mita ambayo haijasogea miezi miwili ingemfanya msoma mita, kama alikuja kweli, agonge mlango. LUKU haina mahali pa kuandika kwamba kimya kimezidi. Na ukimya unatokana na mambo mengi: kuteleza, kufiwa, kukosa 1,000. Nilikumbuka hilo niliposoma habari za Uingereza za Februari 2023, pale gazeti la The Times lilipoonyesha mawakala wa British Gas wakiingia kwa nguvu kwenye nyumba za wadaiwa kuwafungia mita za kulipia kabla, mpaka mdhibiti, Ofgem, akazitaka kampuni zisitishe. Kule wenye mita janja hawakuhitaji hata kuvunjiwa mlango, mita iligeuzwa kutoka mbali. Kilichowatisha watu wa kule ni hichohicho: mteja asiyeweza kulipa anatoweka kwenye takwimu, kwa sababu hadaiwi. Yuko gizani tu.

Hata mfumo wenyewe unaponyamaza tunagundua jinsi tulivyouning'inizia kila kitu. Mei 2021 ununuzi wa LUKU ulikwama siku kadhaa nchi nzima, watu wakapanga foleni kwenye ofisi za shirika kwa saa nyingi. Nguzo zilikuwa salama, mitambo inazunguka, maji ya Pangani yanashuka kama kawaida. Kilichokosekana ni tarakimu.

Sasa mita janja zimeanza kufungwa nchini. Ukinunua, umeme unaingia wenyewe, hakuna kubonyeza, hakuna tokeni ya kukosea. Kwa watu wengi ni nafuu kubwa, na kwa mzee mwenye mtoto wa jicho ni heshima, kwa sababu hatamwomba tena mtoto wa jirani amsomee. Ningekuwa mpangaji wa shangazi ningeitaka kesho. Natambua pia kwamba ninayoyalilia, jiwe na mkaa na boksi lililoloa, ni mateso ya mwanamke wa miaka themanini na ushei, na ni rahisi kuyapenda ukiwa Tabata.

Lakini nilipomweleza bibi, Pasaka iliyopita, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama itakuwa na ile 75. Nikamwambia bei ni zilezile. Akauliza namba zitakuja wapi. Nikamwambia hazitakuja, zitaingia zenyewe. Akageuza kichwa akaangalia ukuta, akasema kwa Kisambaa jambo ambalo jirani alilicheka na hakunitafsiria.

Jana jioni alibipu. Nikanunua wa 5,000. Meseji ilichelewa dakika tatu, ikaja: uniti 41, desimali zilezile, asilimia zilezile. Nikapiga. Upepo ulikuwa unasikika, na kuku.

"Umefika jiweni?"

"Nimefika. Subiri, mkaa nimeuacha chini."